Nanoteknolojia au Njia ya Kawaida: Kulinganisha Vipimo na Dawa Kabla ya Kuchagua

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria au cha ujauzito, mara nyingi, ni dhahabu. Ni chembe za dhahabu halisi zenye upana wa takriban nanomita 40, na kwa udogo huo dhahabu haina tena rangi ya pete, kwa kuwa hufyonza mwanga wa kijani na kuonekana nyekundu iliyokolea. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, na chembe nyekundu ya damu nanomita zipatazo 7,000. Kwa hiyo mtu anayejiuliza kama aikubali nanoteknolojia katika matibabu yake huenda amekwisha kuitumia zaidi ya mara moja bila kuambiwa. Swali lenye manufaa ni jingine: pale zinapokuwapo njia mbili za kupima ugonjwa uleule, au sura mbili za dawa ileile, moja ya kawaida na nyingine iliyotengenezwa kwa kiwango cha nano, ipi ichaguliwe, na kwa mgonjwa yupi?

Katika ulinganisho huu nimeshika kigezo kimoja. Udogo peke yake hauiongezei dawa ukali wala hauongezei kipimo macho. Kinachobadilika ni njia: dawa inapita wapi, inatua wapi, inakaa mwilini muda gani, na kwa upande wa vipimo, jibu linamfikia nani na baada ya muda gani. Madhara nayo mara nyingi hayatoweki, yanahamia kwingine, na anayechagua anatakiwa ajue yamehamia wapi.

Kipimo cha ukanda, hadubini na PCR

Tuanze na ukanda wenyewe. Tone la damu likiwekwa upande mmoja, majimaji huisukuma damu hadi mahali palipokaushiwa chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili. Kingamwili hizo hunasa protini ya vimelea, kisha mzigo wote huteleza mpaka kwenye mstari ambapo kingamwili nyingine zimebandikwa zikisubiri. Dhahabu inaporundikana pale, jicho huona wekundu. Hapahitajiki umeme wala mashine, na jibu hupatikana katika dakika 15 hadi 20.

Udhaifu wake uko palepale penye uzuri wake. Dhahabu hufanya kilichopo kionekane, lakini haikizidishi. PCR, kipimo cha maabara kinachonakili vinasaba vya kimelea kwa mashine, huzidisha: kila mzunguko hukaribia kuongeza maradufu nakala za vinasaba, na baada ya mizunguko 30 nakala moja inaweza kuzaa takriban bilioni moja. Hii ndiyo sababu kipimo cha haraka cha malaria kilicho bora huanza kutegemewa vimelea vinapofika 100 hadi 200 katika maikrolita moja ya damu, mtaalamu hodari wa hadubini huweza kushuka hadi 50 au chini ya hapo, na PCR hutambua hata vichache vinavyohesabika kwa vidole.

Je, PCR ndiyo ichaguliwe siku zote? Hapana. Mtu mwenye homa kali ya malaria kwa kawaida ana vimelea maelfu kwa maelfu katika kila maikrolita, na kwake jibu la dakika 15 lina thamani kuliko jibu nyetivu zaidi litakalokuja kesho kutwa. PCR inastahili pale wanapotafutwa watu wanaobeba vimelea bila kuumwa, au pale mtafiti anapotaka kujua kama vimelea vilivyorudi ni vilevile vya awali au ni maambukizi mapya.

Hadubini nayo haijapitwa na wakati, na hapa sikubaliani na wanaoiona kama kifaa cha zamani kinachosubiri kustaafishwa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki ndani ya damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mgonjwa aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita akipata homa tena, ukanda unaweza kuonyesha mstari ingawa malaria imekwisha, ilhali hadubini itaonyesha kama kuna vimelea hai, ni vya aina gani na ni vingapi. Kuna tatizo la upande wa pili pia: vipo vimelea ambavyo vimepoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Viliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kutoka eneo la Amazon nchini Peru, na baadaye vikaonekana kwingineko, ikiwemo Afrika. Kwa kimelea wa namna hiyo dhahabu haina cha kunasa, hata mgonjwa awe hoi. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba pale upungufu huo wa jeni unapofanya vipimo vikose zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa malaria kali zaidi, ile ya falsiparamu, nchi ihamie kwenye vipimo visivyotegemea HRP2 pekee.

Yapo mambo mawili madogo yanayoharibu majibu. La kwanza ni mstari hafifu: mstari hafifu ni mstari, na husomwa kuwa chanya, kwa sababu wekundu mdogo ni dhahabu chache zilizonaswa na si shaka ya kipimo. La pili ni muda. Kipimo kilichosahauliwa mezani tangu asubuhi hakisomwi tena jioni, kwa kuwa ukanda unapokauka majimaji hurudi nyuma na kuacha kivuli kinachofanana na mstari.

Pale ambapo ukanda unashinda

Nisingependa ionekane kwamba ukanda ni kipimo cha kuridhikia tu pale kilicho bora kinapokosekana. Upo ugonjwa ambao ukanda umezishinda njia za zamani waziwazi, nao ni homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu wa kriptokokasi, ugonjwa unaowaua hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Njia ya zamani ni kuchanganya maji ya uti wa mgongo na wino wa India na kuyatazama kwa hadubini: kuvu huonekana kama duara angavu lililozungukwa na weusi. Picha yenyewe huvutia, lakini kuvu wakiwa wachache mtazamaji huwakosa. Njia ya pili ni kuotesha sampuli maabara, ambayo ni ya uhakika ila hudai siku kadhaa kwa mgonjwa ambaye huenda hana siku hizo. Ukanda wenye chembe za dhahabu, unaotafuta ganda la sukari la kuvu huyo, hutoa jibu ndani ya dakika 10 na hukosa wagonjwa wachache mno.

Faida kubwa zaidi ni kwamba ganda hilo huanza kuonekana katika damu wiki kadhaa kabla ya ubongo kushambuliwa. Tone la damu linaweza kumtambua mtu ambaye bado anatembea na kufanya kazi zake, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi huo kwa watu wenye VVU ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga zinazohesabiwa katika maikrolita moja ya damu, ziko chini ya 100, na kuruhusu ufikiriwe hata kwa walio chini ya 200.

Lakini kwa kuangalia kama mgonjwa amepona, ukanda haufai. Ganda la kuvu hubaki mwilini kwa miezi mingi baada ya kuvu kufa, hivyo anayetaka kujua kama matibabu yamefaulu arudi kwenye kuotesha. Kuwa kipimo bora cha kugundua hakukifanyi kiwe kipimo bora cha kufuatilia.

Amfoterisini: dawa moja, vyombo viwili

Ugonjwa huohuo unatupa ulinganisho mzuri kuliko wote ninaoufahamu upande wa dawa. Amfoterisini B ni dawa kongwe inayoua kuvu kwa kutoboa utando wake. Shida ni kwamba hugusa pia utando wa seli za binadamu, za figo hasa, na wauguzi wa zamani wanaijua kwa homa, kutetemeka na potasiamu inayoporomoka. Katika sura ya nano, molekuli hizohizo hufungiwa ndani ya ukuta wa kiputo cha mafuta kiitwacho liposomu, chenye upana usiofika nanomita 100. Liposomu zilielezwa kwa mara ya kwanza na Alec Bangham na wenzake nchini Uingereza katika miaka ya 1960. Kiputo huishikilia dawa kwa nguvu kikiwa kwenye damu na kuiachia zaidi kinapokutana na kuvu, na hivyo figo husalia na mzigo mdogo.

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kundi moja lilipewa amfoterisini ya kawaida kila siku kwa siku saba pamoja na flusitosini, kisha flukonazoli, ambazo nazo ni dawa za kuvu. Kundi jingine lilipewa dozi moja tu ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Baada ya wiki 10, waliofariki walikuwa asilimia 24.8 katika kundi la dozi moja na asilimia 28.7 katika kundi la kawaida. Kitakwimu tofauti hiyo haitoshi kudai kwamba dozi moja inaokoa zaidi, lakini inatosha kabisa kusema kwamba haiko nyuma. Penye tofauti ya wazi ni madhara makubwa: asilimia 50 dhidi ya asilimia 62.3. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliuweka utaratibu wa dozi moja kuwa chaguo la kwanza.

Takwimu hizo hazionyeshi kazi ya wodini, nayo ni sehemu ya ulinganisho. Kichupa kimoja cha liposomu kina miligramu 50 za unga wa manjano. Huchanganywa na mililita 12 za maji ya sindano, hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 30, hupitishwa kwenye chujio, kisha huongezwa kwenye dripu ya glukosi ya asilimia 5. Maji ya chumvi hayaruhusiwi kuchanganywa na dawa, kwa kuwa huifanya itengane na kuganda. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji miligramu 500, yaani vichupa 10, na kila kimoja hutikiswa peke yake. Ni kazi ya mikono na subira, lakini hufanyika siku moja, ilhali amfoterisini ya kawaida hudai dripu ndefu saba, mshipa mpya kila mshipa wa zamani unapovimba, na damu kupimwa mara kwa mara. Tena vichupa vya liposomu huvumilia joto la chumba hadi nyuzi 25, na vile vya kawaida hudai jokofu. Figo na potasiamu zitaendelea kuangaliwa kwa vyovyote, hasa siku za mwanzo.

Kwa ugonjwa huu sioni sababu ya kitabibu ya kuchagua amfoterisini ya kawaida pale ya liposomu inapopatikana. Sababu inayobaki ni bei na upatikanaji, nazo ni sababu nzito. Atakayebaki na ya kawaida ajue kwamba dawa hiyo bado inaponya, mradi maji ya chumvi yatangulie kwenye mshipa kabla ya dawa, potasiamu iongezwe na figo zifuatiliwe bila kuruka siku.

Saratani: madhara yanapohama

Kwenye saratani uamuzi si mwepesi hivyo. Doksorubisini ya liposomu, iliyouzwa kwa jina la Doxil, ilikuwa dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa nchini Marekani, mwaka 1995, kwa saratani ya Kaposi inayohusiana na UKIMWI. Doksorubisini ya kawaida hudhuru moyo, na hatari hupanda kadiri jumla ya dozi za maisha inavyoongezeka, kiasi kwamba madaktari huweka kikomo. Katika jaribio moja kubwa la wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, lililochapishwa mwaka 2004, sura zote mbili ziliuzuia ugonjwa kwa muda unaokaribiana. Moyo ulidhurika kwa wachache zaidi waliopata liposomu, na nywele zilinyonyoka kwa asilimia 20 yao, dhidi ya asilimia 66 ya wenzao.

Hadi hapo mtu angesema uamuzi umekwisha. Lakini viputo vinavyozunguka siku nyingi kwenye damu hupenya hadi kwenye ngozi ya viganja na nyayo, penye joto na msuguano, na huko huleta wekundu, maumivu na kuchubuka. Katika jaribio hilohilo tatizo hilo liliwapata asilimia 48 ya waliopewa liposomu, na asilimia 2 tu ya wengine. Kwa mtu ambaye moyo wake tayari ni dhaifu, au aliyekwisha kukaribia kikomo cha dozi, ningeelekea kwenye liposomu bila kusita sana. Kwa fundi cherehani au mtu yeyote anayeishi kwa kazi ya vidole, ambaye moyo wake ni mzima na kozi yake ni fupi, viganja viwekwe mezani katika mazungumzo na daktari kabla ya dripu ya kwanza. Akichagua liposomu, aepuke maji ya moto na viatu vya kubana kwa siku kadhaa baada ya kila dozi.

Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, inasimulia mambo yaleyale kwa namna nyingine. Dawa hii haiyeyuki kwenye maji, na katika sura ya kawaida huyeyushwa kwa kiyeyusho chenye asili ya mafuta ya mbarika, ambacho chenyewe huweza kuleta mzio mkali. Ndiyo sababu mgonjwa hutangulizwa dawa za kuzuia mzio, na dripu ya kila wiki tatu huchukua saa tatu. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha paklitakseli iliyofungwa kwenye albumini, protini ya kawaida ya damu, katika chembe za takriban nanomita 130. Kiyeyusho kikaondoka, na dripu ikawa ya dakika 30. Katika jaribio lililopelekea idhini hiyo, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 33 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 19, na chembe nyeupe za damu ziliporomoka vibaya kwa wachache zaidi. Lakini kwa kuwa dozi iliyovumilika ni kubwa zaidi, ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata asilimia 10, dhidi ya asilimia 2. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi, kwa hiyo, ana sababu ya kuuliza mara mbili. Aliyewahi kupata mzio wa kiyeyusho kile hana haja ya kuuliza hata mara moja.

Yanayohitaji maneno machache

Chuma cha nano cha kudungwa, kama ferumoksitoli iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, kinamfaa mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye vidonge vya chuma vimemshinda. Kwa asiyeshindwa na vidonge sioni haraka, maana tangu mwaka 2015 dawa hiyo imebandikwa onyo kali la mzio unaoweza kuua, na hudai mgonjwa achunguzwe kwa angalau nusu saa baada ya kudungwa.

Kwenye chanjo za mRNA hapana cha kulinganisha kwa maana hasa: mRNA, yaani maelekezo ya vinasaba yanayouagiza mwili utengeneze protini fulani, ikiwa tupu huvunjwavunjwa mara inapoingia mwilini, na bila nanochembe za mafuta za kuibeba chanjo hizo zisingekuwapo. Gharama yake ilionekana kwenye baridi, kwani chanjo ya Pfizer na BioNTech ya mwaka 2020 ilianza kwa kudai hifadhi ya takriban nyuzi 70 chini ya sifuri, wakati chanjo nyingi za kawaida hutosheka na jokofu la nyuzi 2 hadi 8.

Ama roboti zinazoogelea mishipani na dawa zinazolenga saratani kama mshale, hizo zisiingizwe kwenye uamuzi wa leo. Uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa wanyama wa maabara wastani wa kati wa nanochembe zilizoufikia uvimbe ulikuwa asilimia 0.7 ya dozi iliyodungwa. Nyingi ya zilizobaki huishia kwenye ini na bandama. Neno nano nalo si hati ya ubora. Kampuni ya Theranos ya Marekani ilikiita nanotainer kichupa chake cha matone ya damu, kitu cha kushikwa kwa vidole viwili, na Januari 2022 mwanzilishi wake Elizabeth Holmes alikutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji.

Jina moja, dozi mbili

Limebaki jambo moja ambalo aliyekwisha kuchagua hatakiwi kulipita. Dawa hizi pacha zinashirikiana jina lakini hazibadilishani miligramu kwa miligramu. Paklitakseli ya albumini hutolewa miligramu 260 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na ya kawaida miligramu 175. Kwenye amfoterisini pengo ni la kutisha zaidi: miligramu 10 kwa kilo ni matibabu ikiwa ni ya liposomu, na kiasi hichohicho cha amfoterisini ya kawaida huweza kusimamisha moyo. Cheti kilichoandikwa amfoterisini bila kutaja aina, stoo yenye vichupa vya aina zote mbili na zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja vinatosha kuleta msiba. Kwa amfoterisini ya kawaida kikomo cha siku ni miligramu 1.5 kwa kilo, na hesabu ikivuka hapo, anayeandaa dripu aweke sindano chini na asome upya jina lote lililo kwenye kichupa, neno kwa neno, kabla ya kutoboa kizibo.